Mto Ukipungua, Panda

Siku ile mjinga alikuwa Abdón Llerena, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakujibu kabla hujamaliza swali, maana amekwisha kugundua kwamba mtu akitangulia kujicheka huwapunguzia wenzake kazi, na watu wa Sigsipungo si watu wa kuachiwa kazi kama hiyo mikononi.

Lakini ujinga wake haukuwa ule wa kutojua. Huo ni mwepesi, mtu hufundishwa ukaisha. Wake ulikuwa ujinga wa mtu anayejua mno, na ugonjwa huo hauna dawa dukani.

Miaka ishirini na miwili Abdón alikuwa mlinzi wa mlima. Mlima wenyewe unaitwa Quillarumi, ila hakuna anayeuita hivyo. Wanauita Mama, na wanamsema kama mtu anavyomsema mama mkwe: kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha kwamba amelala. Mama hufuka moshi, humwaga majivu juu ya viazi vya watu, na mara mojamoja huteremsha tope. Wataalamu wa volkano wanakaa mjini, mbali, kwa hiyo waliwagawia wakulima wachache redio za upepo, na kila jioni saa mbili Kituo chao kiliwaita mmoja mmoja. Abdón aliitwa Kondori Tatu. Alieleza moshi una rangi gani na umeelekea wapi, ngurumo zilikuwa ngapi, na maji ya korongo yamefika mstari wa ngapi kwenye fimbo aliyoipaka nyekundu na nyeupe na kuisimika kwa mikono yake. Mwamba ukipasuka ndani ya mlima, au gesi ikisukuma, alijua kutofautisha kwa jinsi kioo cha dirisha la jikoni kinavyolia. Elimu hiyo hakuipata bure. Mama alikwisha kumlia ng'ombe wawili, shamba moja la vitunguu na nyumba ya baba yake. "Ada ya shule," alikuwa akisema, na kucheka.

Kisha wakaja watu wa televisheni.

Walitoka Quito, mji mkuu, na magari mawili, wakakaa siku mbili, wakamaliza simbilisi watatu wa kuchoma wa mkewe Hermelinda na sufuria nzima ya mahindi ya kuchemsha. Abdón aliwaeleza kwa saa nne. Aliwapeleka korongoni, akawaonyesha fimbo, akawachorea mavumbini jinsi majivu yanavyolala mgongoni mwa mlima hadi mvua ije kuyabeba. Yule mtangazaji, binti mwenye buti safi, aliitikia kwa kichwa muda wote na kusema, "Inavutia sana, Don Abdón."

Jumapili kipindi kiliporushwa, nusu ya kijiji ilijaa jikoni kwa Hermelinda. Abdón alivaa shati la harusi za watu. Akaonekana kwa sekunde kumi na moja, akinyoosha kidole mlimani, bila sauti, filimbi zikipigwa juu ya maneno yake. Baada ya hapo ukaja mchoro: mto una macho na unatabasamu, halafu mto unakonda, tabasamu linapotea, na mtu wa vijiti anapanda kilima. Yule binti akasema, "Mto ukipungua ghafla, usishuke kutazama. Panda." Kwisha. Wakaingiza tangazo la sabuni.

Watu walipiga makofi. Hermelinda alikuwa amekaa na bakuli la mbaazi mapajani, akasema, "Sasa nimeelewa."

Abdón aligeuka polepole. "Miaka ishirini na miwili nakueleza mezani hapa."

"Sijasema hukunieleza, mzee. Nimesema sasa nimeelewa."

Neno hilo lilimchoma kuliko ng'ombe wawili. Aliandikia kituo cha televisheni barua ya kurasa nne. Aliwaambia kwamba mto hupungua kwa sababu tisa, na nane kati yake hazimdhuru hata kuku. Kuna baridi kule juu, kuna watu wanaoziba maji ili wavue samaki, na kuna zamu ya umwagiliaji ya kila Alhamisi, watu wa juu wanapofungua lango la mfereji wao na korongo likabaki nusu. Kumwambia mtu apande kila mto unapokonda ni kumfanya mbuzi. Watazamaji wenye maarifa, aliandika, hawakupata chochote isipokuwa tangazo la sabuni. Wakamjibu kwa kadi ya shukrani na kalenda.

Tangu hapo, kila kipindi cha sayansi kilipoanza, Abdón alikiita "chekechea" na kutoka nje kwenda kutazama ng'ombe. Hermelinda alibaki akitazama. Kijiji kizima kilijua ubishi huo na hakuna aliyeuingilia, kwani ulikuwa unawafurahisha.

Alhamisi moja, saa nane na nusu mchana, walikuwa wamemaliza kula. Juu ya nyumba mbingu zilikuwa samawati tupu, ila Mama alikuwa amejifunika wingu kuanzia mabegani, wingu zito la rangi ya chungu cha zamani. Hermelinda alikuwa akisuuza sahani. Akafunga bomba, akasimama na mikono inadondoka maji.

"Mto umenyamaza," alisema.

Abdón alisikiliza. Ilikuwa kweli. Sauti ile ya korongo ambayo mtu wa pale haisikii tena, kama asivyosikia pumzi yake, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na tundu.

"Zamu ya watu wa juu," alisema.

"Zamu ni saa tisa."

"Wameanza mapema. Watu wa juu lini walijua kusoma saa?"

"Tivii ilisema..."

"Tivii iliwaambia watu wa Quito ambao mto wanauona kwenye chupa." Alikwisha kuchukua kofia na redio ndogo ya kiunoni. "Nashuka nisome fimbo. Jioni Kituo watataka namba, siwezi kuwaambia mke wangu kasikia kimya."

"Ilisema usishuke kutazama, Abdón."

"Mimi sitazami. Mimi napima."

Njia ya kushukia korongoni ni ya kujikunja mara saba, na kuta zake zinapanda kama za kanisa. Abdón alishuka akipiga mluzi. Chini, kati ya mawe, Olmedo Chicaiza alikuwa, kama kila mchana, akipakia mchanga kwenye lori lake bovu. Olmedo ni compadre wake. Abdón ndiye aliyemshikia binti yake kwenye ubatizo, na tangu siku hiyo watu hao wawili hawajawahi kudanganyana ila katika karata. Mchanga wa korongo, majivu ya Mama yaliyosagwa na maji, ndio uliompa Olmedo mkate. Alikuwa amekunja suruali, amesimama mahali ambapo asubuhi maji yalimfika magotini. Sasa yalimlowesha vidole tu.

"Compadre," alisema, "maji yamekimbia. Nilikuwa nataka kutoka."

"Kwa nini?"

Olmedo alijikuna shingo kwa haya. "Si unajua. Kile kipindi."

Abdón alicheka hadi kuta zikamrudishia. "Hata wewe? Mtu mzima unafukuzwa na mto wenye macho?" Akaketi juu ya jiwe, akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa utaratibu, sababu ya kwanza hadi ya nane, kidole kwa kidole, na kila alipokunja kidole Olmedo alizidi kulegea mabega. Mwisho akasema, "Hii ni zamu ya maji. Chota mchanga wako. Leo umekauka vizuri, hutapata siku kama hii."

"Wewe ukisema, compadre, basi," alisema Olmedo, akainama tena na sepetu yake.

Redio kiunoni ilikohoa. "Abdón," sauti ya Hermelinda ilitoka, kwani alikuwa amekaa mbele ya redio kubwa ya jikoni, ile asiyoigusa kamwe. "Abdón na Olmedo. Pandeni."

Masafa yale yalikuwa ya walinzi wote wa mlima, kuanzia juu hadi bondeni. Abdón aliona aibu ikimpanda masikioni. Akabonyeza kitufe. "Hapa Kondori Tatu. Kwa wote wanaosikia, hakuna tukio. Ni zamu ya umwagiliaji. Asiye na kibali aondoke hewani."

Hermelinda hakuondoka. "Mimi ndiye niliyekupikia, na unaniambia sina kibali."

Olmedo alicheka puani. Abdón aliizima redio kabisa, akasoma fimbo: maji yalikuwa chini ya mstari wa mwisho. Namba hiyo hakuwa ameiandika hata mara moja. Ilimsumbua, si kwa hofu, bali kama mtu anavyosumbuliwa na hesabu isiyolingana. Ndipo akakumbuka kwamba ushahidi uko karibu. Kwenye kona ya juu, hatua mia moja hivi, ndipo mfereji unapoanzia. Kama ni zamu, mfereji utakuwa umejaa mpaka kingo. Angeuona, angerudi na kumwambia Hermelinda jioni hiyo, kwa upole, mbele ya Olmedo.

Akapanda mawe hadi kwenye kona.

Lango la mfereji lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mfereji wenyewe ulikuwa mtupu. Sakafu ilikuwa bado na unyevu, na ndani ya kidimbwi cha ukubwa wa sahani samaki mmoja mdogo alikuwa akipiga mkia, taratibu, kama mwenye kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Abdón alimtazama samaki yule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Maji hayakuwa mtoni. Hayakuwa mferejini. Na maji hayafi. Yalikuwa mahali fulani huko juu, nyuma ya wingu lile la rangi ya chungu, ambako mvua ilikuwa ikinyesha tangu saa asiyoijua, ambako ukuta wa korongo ulikuwa umeanguka ukaziba njia, na nyuma ya kizibo hicho maji na majivu na mawe vilikuwa vikijikusanya, vikipanda, vikitafuta ufa.

Akapauka uso. Na hapo ndipo alipokuwa mjinga mara ya pili, na hii ndiyo anayoificha akiweza: hakukimbia. Akaanza kupiga hesabu. Unyevu wa mawe ni wa dakika kumi na tano, labda ishirini. Mto huleta ndoo kadhaa kwa sekunde, mara sekunde sitini, mara dakika ishirini, na kizibo kikiwa cha udongo mtupu... Alisimama kule midomo ikicheza, mwenye maarifa peke yake na samaki, hadi punje za mchanga kwenye ukingo wa mfereji zilipoanza kuteremka zenyewe, moja, mbili, halafu nyingi, bila upepo.

Ndipo akakimbia.

Goti lake la kushoto ni bovu. Alianguka mara mbili, akaamka na damu kiganjani, akatokea kwenye kona akipiga kelele. "Olmedo, toka. Toka. Kumekuwa na maporomoko kule juu, kizibo kimezuia mkondo, shinikizo linapanda nyuma yake, na kikizidiwa..."

Olmedo alinyoosha mgongo, sepetu begani. "Si umesema ni zamu?"

"Siyo zamu. Mfereji hauna maji, kwa hiyo sababu ya tatu haipo, na ya kwanza haiwezi kuwa, kwa kuwa jana usiku baridi haikufika..."

"Polepole, compadre. Sababu ya tatu ilikuwa ipi? Ya samaki?"

"Ya zamu. Ya samaki ni ya tano."

Abdón anasema hajawahi kuogopa vile maishani, hata usiku ule Mama alipoila nyumba ya baba yake. Usiku ule aliogopa mlima. Mara hii alikuwa anaogopa mdomo wake mwenyewe. Alisikia maneno yakitoka, yote ya kweli, yamepangwa, na aliona uso wa compadre wake ukijitahidi kuyafuata, uso wa mtu mwaminifu anayetaka kuelewa kabla ya kutii kwa sababu dakika chache tu zilizopita yeye Abdón alimfundisha kwamba kutii bila kuelewa ni kuwa mbuzi. Alitaka kusema neno moja. Hakulipata. Kila alipolitafuta lilikuja na ndugu zake.

Aliiwasha redio, labda ili Kituo wamsemee. Ikaropoka papo hapo sauti ya Hermelinda, imekauka, ya mtu ambaye amekuwa akiita peke yake muda wote huo.

"...kioo kinalia. Abdón, kioo kinalia."

"Kinalia namna gani?" alisema Abdón, kwa mazoea.

"Sijui namna gani. Kinalia. Olmedo, unanisikia? Tupa sepetu. Panda."

Olmedo akaitupa sepetu. Hakuuliza ya tatu wala ya tano. Hakutazama hata lori. Akamshika Abdón mkanda wa suruali kama anavyoshikwa gunia, akaanza kupanda njia ile ya mikunjo saba akimburuta.

Kwenye mkunjo wa pili upepo ulianza, upepo wa baridi unaotoka juu kushuka, na ulinuka kama mtu amewasha viberiti elfu. Kwenye wa nne walisikia. Abdón alikuwa amewaeleza watu wa televisheni sauti hiyo kwa nusu saa nzima. Sasa alisikia tu malori, malori mengi yasiyo na madereva, yakija. Ardhi ilikuwa ikimgonga miguuni. Goti likagoma. "Niache," alisema. Olmedo akavuta mkanda hadi kifungo kikakatika, akamshika kwapa. Mkunjo wa tano. Wa sita walitambaa.

Kisha tope likapita.

Hawakuligeukia, ila waliliona, kwa kuwa lilijaza korongo kutoka ukuta hadi ukuta. Lilikuwa na rangi ya saruji mbichi. Halikuwa maji, lilikuwa ukuta unaotembea, na ndani yake mawe makubwa kama vibanda yalikuwa yakipanda na kuzama kama maharage yanayochemka. Mkalitusi mzima ulipita umesimama wima. Lori la Olmedo liligeuka mara moja, taratibu, likaonyesha tumbo, likafunikwa. Fimbo ya mistari Abdón hakuona hata ilivyoondoka. Tope lilirusha ulimi hadi kwenye mkunjo wa sita, likalamba mahali walipokuwa wametambaa, likarudi.

Juu, ukingoni, Hermelinda alikuwa amesimama na redio kubwa imebebwa kifuani kama mtoto, waya wa umeme ukiburuzika nyuma yake. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akakaa chini kwenye nyasi.

Redio ya kiunoni ikaita: "Kituo kwa Kondori Tatu. Kondori Tatu, thibitisha. Bondeni wanauliza, ulisema hakuna tukio. Thibitisha."

Bondeni. Kule chini, mwendo wa dakika kumi kwa tope, kulikuwa na watu wanaofua nguo na watu wanaovuna nyanya-miti, na walikuwa wameambiwa na mtu wanayemwamini kwamba wakae. Akabonyeza. "Hapa Kondori Tatu... mkondo wa... urefu wa mbele nakadiria..." Maneno yakawa makombo.

Hermelinda akainuka, akamnyang'anya. "Tope limeshuka. Watu wote wa bondeni wapande sasa hivi. Zamu hakuna. Mume wangu alikosea."

Walikaa pale wakisubiri. Ng'ombe walikuwa wamejikusanya kwenye kona ya ua, wamempa Mama mgongo. Abdón alihesabu dakika, halafu akaacha kuhesabu, halafu akaanza tena. Ilipita robo saa, mbaya kuliko zote alizowahi kuishi, ndipo sauti ya Kituo iliporudi. Watu wote wa bondeni wamehesabiwa. Wengi walikwisha kupanda Hermelinda alipoita mara ya kwanza. Wachache waliorudi baada ya Kondori Tatu kuwatuliza walipanda tena, na mmoja alipoteza nguo zake zote kwenye kamba.

Olmedo alijifuta uso kwa mkono uliojaa mchanga. "Lori lilikuwa limekwisha hata hivyo," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini sepetu ilikuwa mpya."

Hermelinda aliingia ndani, akaleta uji wa moto wa mahindi katika vikombe vitatu. Abdón alikunywa kwa mikono miwili. Joto lilipomfika tumboni, rangi ikaanza kumrudia, na pamoja na rangi, tabia. Alitazama korongo lililokuwa bado linanguruma. Alitazama kikombe. Mkewe alimwona akipanga maneno, akamsubiri.

"Nimekosea," alisema. "Hilo liandikwe."

"Limeandikwa," alisema Olmedo.

"Lakini kosa langu ni kosa langu, na kosa la kile kipindi ni la kipindi. Hawakueleza kwa nini. Hawakutaja kizibo, hawakutaja mfereji. Wangetaja mfereji, ningetazama mfereji kwanza kabla ya kumwambia mtu akae. Mtu anayejua kitu hapati chochote pale, wanamwekea mto wenye macho." Akamgeukia mkewe, na sauti yake haikuwa ya ubishi sana kama ya mtu anayeomba asaidiwe kuinuka. "Wewe unakiona kinatosha kwa kuwa hujui kilichoachwa. Ungejua yote ninayoyajua mimi, Hermelinda, ungeona jinsi kilivyo chepesi."

Hermelinda alikichukua kikombe kitupu cha mumewe, akakitumbukiza ndani ya chake.

"Ningejua yote unayoyajua wewe, mzee," alisema, "nisingekuita. Ningeshuka kupima."